The Equalizer: Uanze na Tamthilia ya 1985, Filamu ya Denzel Washington au Tamthilia ya Queen Latifah?

Jina la The Equalizer limebebwa na kazi tatu tofauti, na mtu anayelitafuta leo bila maelezo ya kutosha anaweza kuketi mbele ya runinga akatazama kitu ambacho hakukikusudia. Ya kwanza ni tamthilia iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia Septemba 1985 hadi Agosti 1989, yenye misimu 4 na vipande 88, ambamo Robert McCall aliigizwa na Mwingereza Edward Woodward. Ya pili ni filamu ya 2014 iliyoongozwa na Antoine Fuqua, Denzel Washington akiuvaa uhusika wa McCall, nayo ikafuatiwa na nyingine mbili mwaka 2018 na 2023. Ya tatu ni tamthilia iliyoanza Februari 2021, CBS tena, ambamo McCall ni mwanamke aitwaye Robyn na anaigizwa na Queen Latifah; hiyo ilifikia tamati mwaka 2025 baada ya misimu 5.

Kisa cha msingi ni kilekile katika zote tatu. Mtu aliyefanya kazi za siri kwa miaka mingi, aliyefunzwa kuua na kudanganya kwa niaba ya serikali, anaachana na kazi hiyo na kuanza kuutumia ujuzi wake kuwatetea watu ambao polisi na mahakama hawakuwafaa kitu. Anajichukulia sheria mkononi, na mtazamaji anatarajiwa kumshangilia. Jinsi kisa hicho kinavyosimuliwa ndiko kunakotofautiana, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba wapo waliokua na tamthilia ya Woodward wakatoka kwenye filamu wakinung'unika, na wapo waliomfahamu McCall kupitia kwa Denzel wakashindwa kumaliza hata kipande kimoja cha tamthilia ya zamani.

Msomaji ajue mapema kwamba mimi ni miongoni mwa walionung'unika: filamu ya 2014 ilinivunja moyo, na nitaeleza ni wapi hasa. Hata hivyo kinachomvunja mtu mmoja moyo kinaweza kuwa ndicho hasa mwenzake anachokitafuta Jumamosi usiku, kwa hiyo nitazipima kazi zote tatu kwa vigezo vilevile vitano: McCall mwenyewe ni mtu wa aina gani, wanaoomba msaada wana nafasi gani katika kisa, mapigano yanaonyeshwa kwa kiasi gani na kwa namna gani, mji na zama zinaongeza nini, na mwisho, mambo ya kawaida ya muda, bando na watu utakaotazama nao. Nitataja matukio ya katikati ya visa pale inapobidi, lakini miisho nitaiacha kwa mtazamaji.

McCall mwenyewe

Woodward alikuwa na umri wa miaka 55 tamthilia ilipoanza, na hakuna aliyejaribu kumfanya aonekane kijana. McCall wake ni mzee mwenye mvi, suti iliyonyooshwa vizuri na Jaguar nyeusi, anayeweza kuzungumza kwa sauti ya chini mpaka umsogelee, kisha katika sentensi inayofuata akafoka kiasi cha kumtisha hata aliyekuja kuomba msaada. Adabu na hasira vimekaa ndani ya mtu mmoja, na sababu yake inaelezwa polepole: huyu mtu ana deni. Alipokuwa kwenye shirika la ujasusi alifanya mambo yasiyomwacha alale, ndoa yake ilivunjika, na mwanawe Scott, anayeigizwa na William Zabka, amekua bila kumjua babake vyema. Bosi wake wa zamani, anayejulikana kwa jina la Control tu, anamsaidia leo na kumtumia kesho, na huwezi kuwa na hakika kama wawili hao ni marafiki. Kwa uigizaji huo Woodward alipata tuzo ya Golden Globe mwaka 1987. Udhaifu wa McCall huyu ni kwamba mwili wake haumsaidii sana. Anapokimbia au kupigana unaona wazi kwamba ni mtu mzima, na kwa mtazamaji aliyezoea filamu za kisasa jambo hilo linaweza kuonekana kama kasoro ya utengenezaji.

Denzel Washington alikuwa na miaka 59 filamu ilipotoka, kwa hiyo kwa umri alimzidi Woodward wa kipande cha kwanza. McCall wake ni mjane anayeishi peke yake Boston, anafanya kazi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi liitwalo Home Mart, na usingizi unapomkataa huenda kwenye mgahawa unaokesha. Hapo Fuqua anaonyesha kitu kizuri sana: McCall anaingia na kifuko chake cha majani ya chai kilichokunjwa ndani ya kitambaa cha karatasi, anapanga kijiko na kisu mpaka vikae anavyotaka, halafu anafungua kitabu, kwa sababu marehemu mkewe alikuwa akisoma orodha ya vitabu 100 na yeye ameamua kuimaliza. Kwa karibu nusu saa hakuna ngumi inayorushwa, na hiyo nusu saa inaweza kusimama mbele ya chochote alichofanya Washington katika filamu za mapigano.

Tatizo linaanza pale anapoinuka kwenye meza hiyo. Kuanzia hapo hakuna mtu katika filamu nzima anayeweza kumgusa McCall huyu kwa maana yoyote ya kweli. Anajua kila chumba kabla hajaingia, anajua kila adui atafanya nini, na hata adui mkuu, Teddy, aliyeigizwa vizuri na Marton Csokas kama mtu baridi aliyetumwa kutoka Urusi kuja kusafisha mambo, anaishia kuwa mtu wa kungoja zamu yake. Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Kazi ya filamu nzuri ni kutufanya tusahau jambo hilo kwa saa mbili, na hii inatukumbusha kila dakika. Hapo ndipo liliponijia lile neno la kuvunjwa moyo, kwa sababu mtu wa nusu saa ya kwanza, mwenye majonzi na mazoea yake madogo madogo, alistahili kisa ambacho angeweza kushindwa.

Queen Latifah alikuwa na miaka 50 kipande cha kwanza kilipoonyeshwa. Robyn McCall aliwahi kuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ni mama anayelea binti wa umri wa shule aitwaye Delilah, na anaishi nyumba moja na shangazi yake Vi, anayeigizwa na Lorraine Toussaint. Mzigo wake mkubwa si maadui bali uongo anaorudi nao nyumbani: binti anaamini mama anafanya kazi ya hisani tu, na msimu wa kwanza unachemka juu ya siku ambayo uongo huo utafichuka. Tofauti na wanaume wawili waliomtangulia, Robyn hafanyi kazi peke yake. Mel ni mdunguaji wa zamani wa jeshi, na mumewe Harry, ambaye dunia inamhesabu kuwa amekufa, anavunja kompyuta za watu akiwa amejificha. Uhusiano wa watatu hao unapendeza, lakini Harry ni mwepesi mno. Mara nyingi swali ambalo lingemsumbua Woodward kipande kizima hujibiwa kwa kubonyeza vitufe kadhaa, na hamu ya kutaka kujua inapungua.

Wanaoomba msaada

Hapa ndipo kazi hizi zinapoachana kabisa, na kama una nafasi ya kusoma sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii.

Tamthilia ya 1985 imejengwa juu ya tangazo dogo la gazetini linalomwuliza msomaji kama ana tatizo na kama mambo yamemwelemea, kisha linampa namba ya simu. Wanaopiga huacha ujumbe kwenye mashine ya kurekodi, na McCall anasikiliza sauti hizo moja baada ya nyingine akiwa peke yake nyumbani. Kitendo hicho kidogo kinabadilisha kila kitu, kwa sababu mhitaji ndiye anayeamua kuomba, na mara nyingi anasitasita, anadanganya kidogo, anaogopa kutoa jina. Ni mwanamke anayeandamwa na mwanaume asiyemjua, ni mzazi aliyenyang'anywa mtoto, ni mpangaji anayetishwa ili ahame. Tamthilia inawapa watu hawa muda. Tunawaona jikoni kwao, kazini kwao, wakigombana na wenzi wao kuhusu kama wamwamini mzee huyu wa Kiingereza au wasimwamini. Vipande vingine vinavuka mpaka na kuwa kilio kirefu, na maadui wengine wamechorwa kwa mkono mzito, lakini hofu ya mhitaji karibu kila mara inaaminika.

Filamu ya 2014 imeliondoa tangazo hilo na kulihifadhi mpaka dakika zake za mwisho. Hakuna anayemwita McCall. Teri, msichana anayeuzwa na genge la Warusi na anayeigizwa na Chloë Grace Moretz, huzungumza naye mgahawani usiku kuhusu kitabu anachosoma, kisa cha mvuvi mzee na samaki wake, na kila wanapokutana anataka kujua mvuvi amefikia wapi. Mazungumzo hayo ni ya kweli na yana upole. Lakini Teri haombi chochote. Anapigwa, analazwa hospitali, McCall anaamua mwenyewe, na kisha filamu inamweka kando msichana huyo kwa muda mrefu sana kana kwamba kazi yake ilikuwa kuwasha moto tu. Ukiwa umetoka kwenye tamthilia ya zamani, hili ndilo pengo utakalolihisi hata kabla hujalipatia jina: mtu anayetetewa hayupo chumbani.

Haki inanitaka niseme kwamba filamu hiyohiyo ina vipande vidogo viwili ambavyo vingekaa vizuri ndani ya tamthilia ya Woodward. Katika kimoja, askari wala rushwa wanaisumbua familia ya Ralphie, kijana mfanyakazi mwenzake McCall, na McCall anawafuata bila mbwembwe nyingi. Katika kingine, jambazi anaingia dukani na bunduki na kuondoka na pete ya mtunza fedha mmoja, pete ambayo kwake ni zaidi ya mali. Muda si mrefu tunamwona McCall akichukua nyundo kwenye rafu. Baadaye mtunza fedha anafungua droo yake na kuikuta pete, na McCall anaonekana akiifuta nyundo kwa kitambaa kabla ya kuirudisha mahali pake. Hatuonyeshwi chochote kati ya hapo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande bora kuliko vyote katika filamu nzima, na kinaonyesha kwamba waliotengeneza walijua njia nyingine ilikuwepo.

Tamthilia ya 2021 inarudi kwenye desturi ya mhitaji mmoja kwa kila kipande, safari hii kupitia ujumbe wa mtandaoni badala ya gazeti. Kipande cha kwanza kinahusu msichana aliyesingiziwa mauaji na anayewindwa kwa alichokiona, na vingi vinavyofuata vinawahusu watu waliobebeshwa makosa yasiyo yao, vijana waliopotea, na familia zinazopambana na wenye fedha na mawakili wengi. Wahitaji wa Robyn wanapewa heshima, na kwa kuwa yeye ni mama mweusi katika jiji la New York, anapoambiwa kwamba polisi hawakumsikiliza mtu haonekani kushangaa. Ila dakika zinagawanywa: sehemu zinakwenda kwa Delilah na Vi, sehemu kwa Mel na Harry, sehemu kwa mpelelezi Marcus Dante anayeanza kwa kumsaka Robyn na kuishia mahali pengine. Mhitaji hubaki na kinachosalia.

Kuna jambo moja ambalo kazi zote tatu zinalikwepa, na mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kusikia mtu akiitiwa mwizi mtaani hatakosa kuliona. McCall hakosei mtu. Anayepigwa ni mwenye hatia, ushahidi upo, hakuna jirani aliyefanana naye wala fitina iliyomponza. Tamthilia ya zamani ndiyo pekee inayokaribia kulizungumza, kwa kuwa McCall wake anajua kwamba zamani aliwaumiza wasiostahili na anaishi na hilo. Filamu haina nafasi ya swali hilo hata kidogo, na tamthilia mpya inalikabidhi kwa mpelelezi Dante, ambaye anauliza maswali sahihi lakini hatimaye anakubali.

Mapigano na damu

Tamthilia ya 1985 ilitengenezwa kwa ajili ya sebule za watu. Kuna risasi, kuna watu wanaokufa, lakini nguvu iko katika matayarisho: McCall anamtembelea adui, anamweleza kwa utulivu kitakachompata, na adui anapata muda wa kukosa raha. Pambano lenyewe mara nyingi ni fupi na si la kupendeza kwa macho.

Filamu ilipewa daraja la R nchini Marekani, yaani mwenye umri chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na daraja hilo imelistahili. McCall anawafuata Slavi, mkubwa wa genge linalomuuza Teri, na wenzake ofisini, anaweka mezani bahasha yenye dola 9,800 kama bei ya kumwachia Teri huru, wanamcheka. Anakwenda mlangoni, anaufungua na kuufunga mara kadhaa kama mtu asiyejiamulia, kisha anaufunga kwa ndani. Anachofanya baada ya hapo kinapimwa kwa saa yake ya mkononi. Mpenzi wa filamu za mapigano atakiri kwamba tukio hilo limepangwa kwa ustadi mkubwa: jicho la McCall linapita juu ya kila silaha chumbani kabla mkono haujasogea, na kimya kinachotangulia kinabana pumzi. Saa moja na zaidi baadaye, ndani ya Home Mart usiku, ustadi huo unageuka kuwa maonyesho ya bidhaa. Keekee ya umeme, waya wa miiba, bunduki ya misumari, kila rafu inapata mtu wake, na tukio linarefuka kuliko uzito wake. Wapo watakaolipenda kwa sababu hiyohiyo, na siwezi kuwaambia wasilipende.

Robyn anapigana mara nyingi zaidi kuliko Woodward na kwa damu chache sana kuliko Washington. Pikipiki, mabomba ya chuma, mateke katika makorido membamba. Mikato ya picha ni ya haraka na mtu makini ataona mahali ambapo mwigizaji mbadala ameingia. Ni mapigano ya kuburudisha, yasiyomwachia mtu picha mbaya kichwani.

Mji na zama

New York ya 1985 ni mhusika kamili katika tamthilia ya kwanza. Ulikuwa mji wenye hofu ya uhalifu, na miezi tisa tu kabla ya kipande cha kwanza, tarehe 22 Desemba 1984, Bernhard Goetz alikuwa amewapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya chini ya ardhi huko Manhattan, tukio lililowagawa Wamarekani kati ya waliomwita shujaa na waliomwita mhalifu. Tamthilia haikuhitaji kulitaja. Picha zake za ufunguzi, zenye watu walioshikwa na hofu mahali pasipo na wa kuwaokoa na kivuli cha mwanaume mbele ya taa za gari, zilizungumza na watazamaji waliokuwa wakiishi mjadala huo. Muziki ni wa Stewart Copeland, mpiga ngoma wa bendi ya The Police, na mdundo wake wa kinanda cha umeme bado unashika, ingawa baadhi ya sauti zake zimezeeka waziwazi.

Boston ya filamu ni nzuri kuitazama na haina habari nyingi. Mgahawa, duka, gati, ofisi ya genge: mahali popote penye bahari na usiku pangetosha, na maadui wa Kirusi ni walewale wa filamu nyingi za miaka hiyo. Tamthilia ya Latifah imerudi New York, ila New York safi zaidi, yenye kamera kila kona na simu mkononi mwa kila mtu, na faida yake ni kwamba matatizo ya wahitaji, kama kufuatiliwa mtandaoni au picha iliyosambazwa, ni ya mtu wa leo.

Muda, bando na watu wa kutazama nao

Filamu ina dakika 132, na ukiimaliza umeimaliza. Vipande 88 vya tamthilia ya zamani vinakaribia saa 70 kwa jumla, lakini kila kimoja karibu kinajitegemea, hivyo unaweza kutazama kimoja kwa wiki bila kupoteza uzi. Picha yake ni ya umbo la runinga za zamani, yenye pande nyeusi kulia na kushoto kwenye skrini za sasa, jambo ambalo kwa anayetumia simu lina nafuu yake kwa kuwa nyuso zinajaza nafasi. Tamthilia ya 2021 inadai uaminifu zaidi, kwa sababu habari za nyumbani za Robyn na za Dante huendelea kutoka kipande hadi kipande, na ukiruka vichache utakuta watu wamenuniana bila kujua kisa.

Kuhusu wa kutazama nao, filamu isiwashwe watoto wakiwa macho. Licha ya damu, biashara ya kuuza wasichana imo ndani yake tangu mwanzo. Tamthilia ya zamani ina mada nzito lakini inaonyesha machache, na mzee wa nyumbani anayelalamikia kelele za filamu za sasa huenda akaipenda kuliko unavyodhani. Ya Latifah ndiyo rahisi kuitazama mama na binti yake wakiwa kiti kimoja. Neno dogo kwa wanaopendelea nakala zilizotiwa masimulizi ya Kiswahili: masimulizi hayo yana utamu wake, lakini nusu saa ya kwanza ya filamu ya 2014 inaishi kwa kimya, na msimulizi hulazimika kukijaza. Hiyo itazamwe na sauti yake yenyewe.

Filamu za 2018 na 2023

Anayechagua filamu anachagua mlango wa filamu tatu, kwa hiyo mbili zilizofuata zinastahili maneno machache. Ile ya 2018, ambayo ilikuwa mara ya kwanza kwa Washington kucheza mwendelezo wa filamu yake yoyote, inamfanya McCall kuwa dereva wa Lyft, huduma ya teksi inayoitwa kwa simu, na katika nusu yake ya kwanza anawasikiliza abiria na kuingilia mambo yao kwa namna inayokumbusha mashine ya kurekodi ya Woodward; kijana jirani yake, Miles, aliyeigizwa na Ashton Sanders, ndiye moyo wa filamu hiyo. Kisha kisa cha wapelelezi wa zamani kinaingia na kuibeba mpaka mwisho. Ile ya 2023, yenye dakika 109, inampeleka Italia, ambako anajeruhiwa mapema na kuuguzwa na daktari mzee katika mji mdogo wa pwani ya Amalfi unaonyonywa na Camorra, genge la mafia la Naples. McCall anayetembea na mkongojo na kupumzika katikati ya ngazi ni mtu niliyemtamani tangu 2014, ijapokuwa akishapona mambo yanarudi yaleyale. Inaweza kutazamwa peke yake, ila utakosa sababu ya uhusiano wake na ofisa mmoja kijana wa CIA, mwanamke anayeigizwa na Dakota Fanning.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kama una usiku mmoja tu, unapenda mapigano yaliyopangwa kwa makini, na uigizaji wa Denzel peke yake unatosha kukuweka kwenye kiti, tazama filamu ya 2014 bila kuisoma sana kabla. Usiitarajie kuwa kisa cha kupeleleza. Chukua nusu saa ya mgahawa kama zawadi na mengine kama burudani.

Kama unapenda visa vya watu, na huchoshwi na mwendo wa taratibu wala simu za mezani, anza na tamthilia ya 1985. Itakufaa pia ikiwa unaandika hadithi au michezo ya kuigiza na unataka kuona jinsi ya kumjengea mtazamaji hofu kwa mazungumzo tu. Usianzie msimu wa 3, kwani Woodward alipata mshtuko wa moyo mwaka 1987 na Richard Jordan akaletwa kumpunguzia kazi; vipande vya kipindi hicho vina uzuri wake, lakini McCall mwenyewe haonekani vya kutosha kwa mtu ambaye bado hajamzoea.

Kama mnatazama watu wa rika tofauti nyumbani, au unataka kitu cha kufuatilia jioni baada ya kazi chenye familia ndani yake na adui anayeshindwa kabla ya kulala, tamthilia ya Latifah inafaa. Ipe angalau vipande vya kutosha kuona jinsi siri ya Robyn inavyomkaribia Delilah, maana hapo ndipo inapopata uzito wake. Ukiihukumu kwa kipande cha kwanza utaiona ni tamthilia ya polisi kama nyingine.

Kama tayari umeona filamu ya 2014 ikakuacha na kinyongo, jiulize ni nini hasa kilikukera. Ikiwa ni damu, tamthilia yoyote kati ya hizo mbili itakutosheleza. Ikiwa ni ushindi usio na jasho, jaribu filamu ya 2023 kabla hujamwacha Denzel, kisha umrudie Woodward. Na ikiwa ni lile la Teri kutoweka katikati ya kisa kinachodaiwa kuwa chake, nenda moja kwa moja 1985, utazame McCall akisikiliza ujumbe mmoja hadi mwisho kabla ya kuinua simu.